Hadubini ya Firdaus na Vito Ishirini na Vinne

Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mafundi tisa walikuwa wameketi katika karakana ya usonara ya Bwana Gichuru huko Gatongora, Ruiru: wanawake wanne na wanaume watano. Hakuna aliyekosa. Bwana Gichuru alisimama mbele yao akiwa na kisahani cheupe mkononi, na ndani ya kisahani hicho mlikuwa na pete sita zilizorudishwa na wateja. Kila pete ilikuwa na tundu mahali palipostahili kuwa na kito.

"Hizi zimerudi kwa mwezi mmoja tu," alisema. "Sitauliza ni kazi ya nani. Nikianza kuuliza tutalala hapa. Lakini Jumamosi tarehe kumi na nne Juni, kila mmoja wenu atapewa pete moja ya fedha na vito ishirini na vinne, vya milimita moja na nusu kila kimoja. Atavipachika hapa hapa, kwa vifaa vyake mwenyewe. Jioni pete zote zitatiwa kwenye bakuli la kutetemesha kwa dakika ishirini. Atakayeangusha hata kito kimoja, tutaagana kwa heshima."

"Na vifaa vyako hivi je?" akauliza fundi Gerishon.

"Vifaa vyangu ndivyo vilivyotufikisha hapa."

Bakuli hilo ni chombo cha kusafishia mapambo. Maji yake hutetemeshwa kwa umeme hadi uchafu ukatoka katika pembe zote. Na kito kilicholegea, nacho hutoka.

Ninayetaka kumweleza, Firdaus Samir, aliketi wa tatu kutoka dirishani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa hajafanya kazi nyingine isipokuwa kuchonga nakshi juu ya dhahabu na fedha na kupachika vito. Kazi hiyo alifundishwa mjini Thika na ami yake, marehemu Muzammil. Tumekuwa majirani mtaani Kamenu tangu bintiye Leila akiwa mchanga, na kwa hiyo ninachokiandika hapa ama nilikiona ama nilikisikia kwake siku ile ile.

Kwa miaka miwili macho yake yalikuwa yakimpotea kwa karibu. Barabarani aliweza kusoma kibao kilicho mbali, lakini kito kidogo mkononi mwake alikiona, kwa maneno yake, kama punje ya sukari ndani ya maziwa. Aliibana lenzi kwenye jicho moja, akafumba la pili, na pale lenzi iliposhindwa alimalizia kwa kupapasa. Hakumwambia mtu. Katika pete zile sita, alijua kwa hakika kwamba mbili zilikuwa zake.

Alijua pia jambo jingine. Masonara wa Thika na Ruiru wanafahamiana wote. Fundi wa miaka hamsini na mitatu aliyeachishwa kwa sababu ya vito vinavyoanguka hapokewi na karakana ya pili. Siku hiyo ya Juni ingeamua kama angeendelea kuwa fundi au la.

Saa kumi na moja jioni alifika nyumbani kwangu, akaniamkia na kukaa.

"Mwalimu," alisema, "wewe ulifundisha watoto wetu mambo ya maikroskopu. Nichague ya namna gani?"

Nilifundisha Hisabati na Sayansi katika shule za msingi kwa miaka thelathini na minne, nami nilimjibu bila kusita hata kidogo. Nilichukua kalamu nikamwandikia kanuni: ukuzaji wa hadubini ni zao la lenzi ya jichoni na lenzi ya chini. Kumi mara arobaini ni mia nne. Nikamweleza kwamba kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo chombo kinavyokuwa bora. Shule moja ya upili ilikuwa ikiuza vyombo vyake vya zamani vya maabara, na Jumamosi iliyofuata tukaenda tukanunua hadubini iliyotunzwa vizuri. Niliibeba mwenyewe hadi Kamenu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na ushauri wangu ulikuwa mbaya. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Firdaus aliweka pete chini ya lenzi, akaona giza. Taa ya hadubini ile ilitoka chini, kwa maana ilitengenezwa ipenye ganda jembamba la kitunguu, na pete haipenyeki. Tukamulika tochi kutoka juu. Akaona kitu, lakini kushoto kulikuwa kulia: aliposukuma patasi upande huu, ncha yake ilionekana ikienda upande ule. Kwa lenzi ile kubwa, kati ya kioo na pete hapangepita hata kadi ya mwaliko. Kwa lenzi ndogo kabisa, palitosha kidole gumba peke yake.

Aliinua uso akanitazama kwa upole.

"Mwalimu, naona vizuri sana. Ila mkono niuweke wapi?"

Nikaizima taa ya hadubini. Siku tatu kati ya thelathini na moja zilikuwa zimepotea.

Mtunza ghala wa shule ile alikubali kuipokea tena. Aliposikia ni ya kazi gani alicheka hadi akashika meza. "Ya kupachika vito? Aa, mzee, hii ni ya kuangalia minyoo. Nendeni kwa Njau, yule wa mashine za meno."

Njau alikuwa na chumba mjini Thika, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabomba. Alitengeneza mashine za madaktari wa meno, na kuuza zilizotumika. Tulimkuta amevaa koti la buluu lenye mifuko minne. Nilianza kumuuliza kuhusu ukuzaji, naye akaniinulia kiganja taratibu.

"Ngoja kwanza, Mwalimu. Mama, nionyeshe vile unashika chombo chako."

Firdaus akaketi, akashika pete kwa jiriwa ndogo ya mkono, akaitwaa patasi yake kama anayefanya kazi. Njau akachukua rula, akapima kutoka kwenye pete hadi juu ya ngumi, kisha akaacha nafasi ya chombo kuinuka na kushuka.

"Sentimita kumi na saba," alisema. "Hiyo ndiyo namba yako. Mengine ni hadithi."

Mezani palikuwa na hadubini tatu. Ya kwanza ilikuwa na kamera na kioo kama cha televisheni ndogo, na juu ya sanduku lake iliandikwa kwamba hukuza mara tisini. Firdaus aliijaribu akaona picha ikiuchelewa mkono wake. Kuchelewa kidogo mno, lakini patasi hukata ndani ya kuchelewa huko. Ya pili ilikuwa ya macho mawili, nyepesi, lakini nguzo yake ilikuwa fupi. Ya tatu ilikuwa ya macho mawili pia, yenye mkono mrefu wa chuma na kitako kizito cha kilo kumi na nane. Njau alifungua droo, akatoa lenzi moja zaidi, akaikaza chini ya ile ya tatu.

"Hii inaongeza nafasi ya mkono karibu mara mbili," alisema.

"Na ukuzaji?" nikauliza.

"Unapungua kwa nusu."

"Unapungua?"

"Mwalimu, huyu mama hakuja kuangalia minyoo."

Neno hilo la minyoo lilikuwa limeanza kunichosha.

Firdaus aliinama juu ya lenzi mbili, Njau akamwekea kiasi cha mara kumi. Chini yake palikuwa na pete aliyoitoa kidoleni mwake, aliyoitengeneza mwenyewe miaka miwili nyuma. Aliigeuza pete kwa ncha ya kidole, upande huu na ule. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Njau, hiki kito kimesimama upande mmoja."

Kito hukaa katika kitanda kilichochimbwa kwa kekee, kikashikwa na kucha ndogo za chuma zilizokunjwa juu yake. Kitanda hiki kilikuwa kimepanuka upande mmoja. Kito kiliegemea kulia. Kushoto palikuwa na ufa ambao ungeweza kupitisha uzi. Ukucha wa juu uling'aa vizuri, kwa sababu ulipigwa msasa vizuri, lakini haukushika kitu. Miaka yote hiyo alikuwa amelaumu macho yake. Macho yalikuwa na lawama yake, naam, ila kekee nayo ilikuwa ikiyumba. Mashine za karakana ya Ruiru zilikuwa za mota inayoning'inizwa juu kwenye ndoano, na nguvu hufika mkononi kwa waya mzito uliofunikwa mpira. Zilikuwa kuukuu, na ncha zake zilicheza. Kama angenunua hadubini peke yake, angeona makosa vizuri zaidi na kuendelea kuyafanya.

Kwa hiyo tulirudi siku ya pili kuchagua mashine ya mkono. Njau alikuwa nazo nne: ya kuning'inia, ambayo ilikuwa mpya, ya upepo ya daktari wa meno, inayozunguka kwa kasi ya ajabu na kupiga mluzi, kalamu ya umeme, nene kama kidole cha mwanamume, yenye mota ndani yake na kisanduku cha kupunguzia kasi, na patasi inayosukumwa na mapigo ya hewa, ambayo huhitaji pampu.

Firdaus alikuja na sindano, uzi na kipande cha shaba. Alitumia kila mashine dakika kumi, akichora mistari sambamba juu ya shaba, halafu papo hapo akajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Mimi nilishika daftari. Baada ya ile ya kuning'inia, alikosa mara tatu. Waya wake ulikuwa umemvuta kiwiko. Baada ya ile ya upepo alikosa mara mbili, tena ilikwama kila alipoikandamiza. Baada ya kalamu ya umeme, uzi ulipita mara ya kwanza.

Kisha akajaribu patasi ya hewa, na hapo nikamwona akitabasamu. Ilikata shaba kama inavyokatwa sabuni. Alichonga jani, akachonga la pili, akazungusha kikonyo, akasahau kwamba sisi tupo.

"Hii, mama, ukiishika hutaiacha," Njau akasema.

"Najua." Aliifuta ncha yake kwa kitambaa, akairudisha mezani. Akiba yake ilitosha hadubini na mashine moja, si mbili. "Hii ni ya kunipa raha. Jani langu halijawahi kuanguka kwenye pete ya mtu. Kilichoanguka ni kito. Nipe kalamu."

Nimesikia watu waliosoma sana wakitoa hoja zisizofikia ile.

Nyumbani meza yake ya mbao ilitikisika kila lori lilipopita, na chini ya hadubini mtikiso mdogo huonekana kama tetemeko la ardhi. Alipanga mawe mawili ya Ndarugo, yale ya kujengea, juu ya sakafu ya saruji, akaweka kitako cha hadubini juu yake, akatandika mkeka na kukunja miguu. Marehemu Muzammil alifanya kazi akiwa ameketi hivyo maisha yake yote. Firdaus alikuwa ameacha desturi hiyo alipoajiriwa mahali penye viti.

Alifanya mazoezi siku kumi na tisa, juu ya pete za shaba. Mwanzoni mkono ulimshinda, kwa kuwa ndani ya lenzi mwendo wa unywele huonekana kama hatua nzima. Katika pete ya kwanza vito sita vilitikisika alipovigusa kwa sindano. Katika ya tano, viwili. Katika ya kumi na moja hakikutikisika hata kimoja, naye akaniita niviguse mwenyewe. Nilivigusa vyote ishirini na vinne, kwa kuhesabu.

Jumamosi ya tarehe 14 Juni nduguye Ahmad alitupeleka Ruiru kwa pikapu yake. Nilibeba jiwe moja, Ahmad akabeba la pili, tukaingia karakana saa moja na nusu. Fundi Tabby, binti wa miaka ishirini na sita mwenye mikono mepesi na ulimi mwepesi zaidi, alikuwa amekwisha kupanga vifaa vyake kwenye meza ndefu. Alikuwa amenunua hadubini ya kioo, ile aina ya mara tisini.

"Mama Leila," alisema, "umekuja kupachika vito ama umekuja kujenga?"

"Nitakujengea na wewe ukitaka."

"Na hiyo chuma? Hiyo si maikroskopu, hiyo ni posho mill ya kusaga unga."

Mafundi wakacheka, na Firdaus akacheka nao, akatandika mkeka wake pembeni, mbali na meza. Bwana Gichuru akakunja uso.

"Mama Leila, viti viko. Watu wataonaje?"

"Bwana Gichuru, ulisema vifaa vyangu mwenyewe. Sakafu hii ndiyo kifaa pekee cha kwako ninachokiomba."

Bwana Gichuru alimtazama Dianah, mkaguzi aliyemwita kutoka nje ili pasiwe na upendeleo. Dianah akainua mabega. "Sheria haisemi kiti."

Walianza saa mbili kamili. Kufikia saa nne ikawa dhahiri kwa nini mkeka ule ulikuwa na maana. Watu wanane walikuwa wakikereza, wakigonga na kuzungusha mota juu ya ubao mmoja, na kila aliyekuwa na hadubini juu ya ubao huo aliona kito chake kikicheza. Gerishon alizima mashine yake akasubiri wenzake wapumzike ndipo afanye kazi. Zacharia, fundi mkimya kuliko wote, aliamua kuiacha hadubini na kurudi kwenye lenzi yake ya jichoni, kwani macho yake yalikuwa bado mazima. Tabby alipiga meza kwa kiganja.

"Haki mnanitingisha. Nani anagonga?"

"Wote tunagonga, Tabby. Tunalipwa kugonga," akajibu mmoja wao.

Saa tano na robo Tabby alikuwa amesimama kando ya mkeka, mikono nyuma.

"Mama Leila. Huko chini kuna nafasi?"

Firdaus hakuacha kazi yake. "Posho mill haijakusumbua?"

"Nisamehe, mum. Hiyo screen inanichanganya, na meza inacheza. Nimeweka nane na sijui kama zimeshika."

Firdaus akasogea. Alimwambia aweke pete yake chini ya hadubini nzito atazame. Fundi mmoja alipinga kutoka mezani kwamba huko ni kusaidiwa, lakini Dianah akasema kutazama si kupachika. Tabby alitazama.

"Ngai. Tano zimeegemea."

"Zitoe."

"Nitaanza upya saa hii?"

"Una saa nne na dakika arobaini. Mimi nilianza upya nikiwa na miaka hamsini na mitatu. Zitoe."

Tabby alizitoa. Ahmad akamletea mawe mengine mawili kutoka kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa ng'ambo ya barabara, kwa ruhusa ya mwashi, na Tabby akaketi mkekani na kioo chake. Kwa kuwa picha ilichelewa, Firdaus alimfundisha asukume kidogo, asubiri, asukume tena. Hakumgusia pete. Halafu akarudi kwenye yake, na hadi saa kumi hakuinuka isipokuwa mara moja alipokwenda kuswali na kurudi.

Saa kumi kamili Dianah alikusanya pete tisa, kila moja katika kifuko chenye namba. Alizitia bakulini moja moja. Bakuli lilivuma kama nyuki ndani ya chupa. Baada ya kila dakika ishirini aliyachuja maji kupitia kitambaa cheusi, akahesabu vilivyobaki juu yake, kisha akakigusa kila kito ndani ya pete kwa ncha ya sindano. Kazi hiyo ilichukua saa tatu na hakuna aliyeondoka.

Pete ya kwanza iliangusha viwili. Ya pili, kimoja. Ya Zacharia haikuangusha. Ya nne iliangusha vitano, na mwenyewe akachukua kofia yake kabla hajaambiwa. Ya Gerishon haikuangusha. Ya sita na ya saba ziliangusha kimoja kimoja. Ya nane ilikuwa ya Tabby, ambaye alikuwa amekaa mkekani na uso magotini. Dianah alikitandaza kitambaa mezani, akakimulika, akakigeuza.

"Ishirini na vinne," alisema. "Vimeshika."

Tabby alimshika Firdaus mkono akaung'ang'ania.

Ya tisa ilikuwa ya Firdaus. Kitambaa kilitoka kitupu. Dianah alianza kugusa vito, na alipofika cha ishirini na vinne akarudi mwanzo, akavigusa vyote mara ya pili kwa nguvu zaidi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa pete nyingine yoyote: alikwenda mwenyewe kwenye mkeka, akapiga magoti, akaiweka pete ile chini ya hadubini na kuitazama.

"Bwana Gichuru," alisema, "njoo uone vitanda vyake. Vyote ni sawa. Sijawahi kuona ishirini na vinne vikiwa sawa."

Bwana Gichuru ni mtu mnene, na kupiga magoti kulimchukua muda. Alitazama. Alipoinuka suruali yake ilikuwa na vumbi la mawe, naye hakulipangusa.

"Mama Leila, hii kalamu ya umeme umeipata wapi?"

"Thika, kwa Njau."

"Na hii lenzi ya chini?"

"Kwa Njau."

"Jumatatu utanipeleka. Utachagua vya karakana yote, mimi nitatia saini tu. Na uchague na kile ulichokikosa, maana naona usoni mwako kuna kitu ulikikosa."

"Patasi ya hewa," Firdaus akajibu papo hapo. "Na meza ndefu itolewe. Kila mtu awe na jiwe lake."

"Itolewe," akasema Bwana Gichuru.

Firdaus alivaa viatu vyake. Alikuwa amesimama wima zaidi kuliko nilivyomwona kwa miaka miwili, na alipopita mbele yangu alinionyesha kiganja chake cha kulia, kimenyooka, bila kutetemeka.

Asubuhi walikuwa mafundi tisa. Walioondoka walikuwa watano. Waliobaki ni wanne: Zacharia, Gerishon, Tabby na Firdaus Samir.